Boksi la sabufa linatakiwa linyamaze

Najua nimepotea hapa kwa wiki tatu nzima. Wapo walioniuliza kama nimedisko, na mmoja akavumisha kwamba nimepata mchumba Kondoa nimehamia huko. Hakuna kitu kama hicho. Nilikuwa Chang'ombe (ya hapa Dodoma jamani, siyo ile ya Dar) kwenye karakana ya fundi seremala mmoja, nakula vumbi la mbao kila nikitoka lekcha ya mchana. Leo naomba mnivumilie niongelee boksi la sabufa la kwenye chombo cha moto. Wale wa Sanaa msikimbie, hesabu ni mbili tatu tu, na muziki utakuwepo.

Niseme mapema ninachokiamini ili mwenye kubisha aanze kujiandaa: hapa mjini watu wanatupa hela kwenye amplifaya wakati ugonjwa wao uko kwenye ubao. Na ugonjwa huo unaishia masikioni.

Ilianza na dereva wa bajaji anayetubeba mara kwa mara kutoka mjini kuja huku UDOM. Jamaa ni mcheshi na bei zake hazina longolongo, lakini muziki wake ulikuwa kimeo. Sabufa ya inchi 12 nyuma ya siti, amplifaya imeandikwa wati 3000 kwa herufi za dhahabu, na kinachotoka ni bwabwabwa, kama mtu anapiga godoro kwa fimbo. Nondo za bajaji zinalia, kibati cha namba kinalia, hata meno ya abiria yanalia. Yeye alishabadilisha amplifaya mara moja na alikuwa anadunduliza ya tatu. Kumbukeni huyu si mwenye chombo, kila jioni ana hesabu ya tajiri ya kupeleka. Hela ya amplifaya inatoka kwenye kile kinachobaki, yaani kwenye unga na ada ya mtoto. Lakini ana hoja: wanachuo wanachagua bajaji yenye muziki. Kwa wenzetu Nairobi hilo ni jambo la siku nyingi, matatu isiyo na muziki inapitwa kituoni, na sisi tunaifuata njia hiyohiyo kwa mwendo wa matairi matatu.

Nikamwambia, kaka, kabla hujanunua hebu tusome fyuzi. Hii mjifunze wote, ni bure. Geuza amplifaya uangalie fyuzi yake. Yake ilikuwa ya ampea 25. Umeme wa chombo ni volti 13 hivi injini ikiwa inaunguruma, ukizidisha unapata wati 325. Huo ndio umeme unaoweza kuingia kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika, na sehemu yake inapotea kuwa joto. Kinachofika kwenye spika labda ni wati 200. Sasa wati 3000 zinatoka wapi, mbinguni? Hata hivyo 200 za kweli si haba kabisa. Swali ni zinaenda wapi.

Zinaenda kwenye boksi. Tulifungua tukakuta ni chipubodi ya milimita 12, ile ya chembechembe zilizogandishwa kwa gundi, imepigwa misumari tu, kona moja imeshaanza kuachia. Nikampeleka kwa huyu fundi.

Ngoja kwanza nieleze kazi ya boksi, kwa sababu wengi tunadhani ni kabati la kubebea spika. Koni ikienda mbele inasukuma hewa ya mbele, na wakati huohuo inavuta hewa ya nyuma. Kwenye besi mawimbi ni marefu sana (kwa hezi 40 wimbi moja lina mita 8 na nusu), kwa hiyo hewa ya mbele inazunguka tu ukingo wa spika na kujaza pengo la nyuma, vinafutana. Ndiyo maana spika ikiwa tupu mezani haina besi. Boksi linafungia ile ya nyuma isitoke. Mmarekani Edgar Villchur alionyesha mwaka 1954 kwamba hewa iliyofungiwa ndani inaweza kufanya kazi ya springi ya spika, na boksi dogo likatoa besi ya maana. Baadaye Neville Thiele, mwaka 1961, na Richard Small kwenye miaka ya 1970, wote wakifanya kazi Australia, wakaweka hesabu za kupima spika na boksi lake pamoja. Hesabu hizo ndizo bado zinatumika hadi leo kwenye programu zote za kupangia boksi.

Lakini hesabu zote hizo zina sharti moja linaloandikwa kwa herufi ndogo: kuta za boksi hazitikisiki. Kuta zikitikisika, hazijafungia kitu. Ubao unageuka spika nyingine, mbovu, inayopiga noti zake yenyewe.

Na nguvu yenyewe si ya mchezo. Boksi letu ni la lita 40. Koni ya inchi 12 ikisogea sentimita moja kuingia ndani, inabana hewa karibu nusu lita. Hapo presha ndani inapanda paskali 1,500 hivi. Ni kidogo ukisikia hivyo. Sasa chukua ubao wa upande mmoja, sentimita 40 kwa 40, zidisha: ni kama kilo 24 zinausukuma ubao kwa ndani. Ndoo ya lita 20 ya maji imejaa pomoni na bado haijafika hapo! Halafu nusu ya mtetemo baadaye zinauvuta kurudi. Mara 40 kwa sekunde. Mwekee mtu ndoo kichwani na kumtoa mara 40 kila sekunde uone shingo yake. Chipubodi ya milimita 12 iliyopigwa misumari ndiyo shingo hiyo.

(Kwa wale wa fizikia: nimetumia presha ya hewa ya hapa kwetu, siyo ya Dar. Tuko kwenye mita 1,100 na kitu juu ya bahari, hewa ni nyepesi kama asilimia 12 hivi, kwa hiyo springi ya hewa ndani ya boksi ni laini kidogo kuliko ya pwani. Tofauti hutaisikia kwenye bajaji, lakini nilifurahi kuipata.)

Sasa fundi. Ni mzee wa makabati na milango, wala si mtu wa muziki. Tulipofika nikamwamkia shikamoo mara mbili, hajibu. Kijana wake akanionyesha nihamie upande wa kushoto. Sikio la kulia halisikii tena, la kushoto linasikia kwa kubembelezwa. Miaka zaidi ya thelathini ya msumeno wa umeme na randa bila kuziba masikio. Akanijibu marahaba, akaliangalia boksi, akamwambia dereva, "Washa." Dereva akawasha. Mzee hakutega sikio. Aliweka kiganja juu ya ubao, kila upande, taratibu kama daktari anayepapasa tumbo. Akasema, "Mwanachuo, boksi lako linaongea kuliko spika." Halafu akaweka sarafu ya shilingi mia mbili juu ya boksi. Ilicheza mpaka ikaanguka chini.

Hapo ndipo nikaelewa. Sisi wenye masikio tunasikia mkorogo wa vyote na tunasema "besi ipo." Yeye anashika kwa mkono na anajua kinachotikisika ambacho hakitakiwi kutikisika.

Nimelifikiria sana hili kwa sababu nyumbani kwetu mbao inafundishwa kinyume chake. Hapa ni Ugogo, nchi ya ilimba na zeze. Marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa Doda hapahapa mkoani, aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na ala hizo. Ilimba ina vijiti vya chuma juu ya mwili wa mbao ulio wazi ndani, na mwili huo unatakiwa uimbe pamoja na chuma. Hata tundu lake linazibwa kwa utando wa buibui ili sauti ipate ule mkwaruzo mtamu. Kila kitu kinakaribishwa kutetemeka. Sabufa ni mwiko huo wote. Wimbo umeshaimbwa na mtu mwingine studio, kazi ya boksi ni kukaa kimya wenzake wanapoongea. Ukiweka utando wa buibui kwenye boksi la sabufa utapata kile kibati cha namba cha bajaji.

Tukaanza kazi. Dereva alitaka mninga, kwa sababu Mtanzania akisikia mbao nzuri anawaza mninga. Mzee akamkatalia. Mbao nzima inapumua. Ikikauka inasinyaa upande mmoja kuliko mwingine, na Dodoma hii ya ukame, ambako mvua zikiisha karibu na Aprili hazionekani tena mpaka Novemba au Desemba, boksi la mbao nzima lililoungwa masika litapasuka kwenye maungio kiangazi. Kipenyo cha unywele tu kinatosha kupitisha hewa, na boksi linalovuja linapiga mluzi. Plaiwudi haina tabia hiyo kwa sababu tabaka zake zimepishana, kila moja inamshika mwenzake.

Na plaiwudi ipo. Tangu serikali ianze kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016 mji mzima ni ujenzi, na penye ujenzi pana zile marine bodi za milimita 18, nyeusi usoni, za kusetia zege. Vipande vilivyobaki vinauzwa kwa bei ya kuongea. Vina taabu zake. Gundi haishiki kwenye ule uso mweusi mpaka uukwangue wote kwa msasa, na kama bodi ilishatumika, simenti iliyoganda inaua meno ya msumeno. Tulikwangua siku mbili. Mabega yangu yanayajua. Lakini ni ngumu kupinda kuliko MDF ya unene uleule, na nyepesi pia, jambo ambalo kwenye bajaji si dogo.

Hapa kuna hesabu moja ya mwisho, naahidi. Ugumu wa ubao kupinda unakwenda kwa unene mara tatu. Kutoka milimita 12 kwenda 18 unene umeongezeka nusu tu, ila ugumu umezidi mara tatu na ushee. Ukibandika mbili ziwe 36, mara nane ya ile 18. Ila mbao mbili ni gharama mbili na uzito mara mbili. Mzee alifanya hivyo upande wa mbele tu, ambako lile tundu kubwa la spika limeula ubao. Sehemu nyingine akachukua vipande vya mabaki, vile vya kutupa jikoni, akavisimamisha ndani katikati, kutoka ukuta hadi ukuta, vikiwa vimetobolewa ili hewa ipite. Ubao wa mraba ukiukata nafasi yake katikati namna hiyo, kupinda kunapungua kama mara sita. Kipande cha kuni kimefanya karibu kazi ya bodi nzima ya pili! Na aliviweka pembeni kidogo ya katikati kamili, ili nusu mbili za ubao zisipate noti moja. Nilimuuliza hilo kajifunza wapi. Akasema milango. Mlango wenye mkanda katikati kabisa unagonga kwa upepo, na upepo wa Dodoma mnaujua.

Mimi nilikuwa nataka tuweke bomba la PVC la inchi 4 liwe tundu la kupumulia, maana boksi lenye tundu linatoa besi nyingi zaidi kwa wati zilezile, na bajaji haina milango ya kusaidia besi kama gari lililofungwa. Nilishapiga hesabu ya urefu wa bomba na nini. Mzee akauliza, "Na vumbi?" Nikanyamaza. Kuna barabara huku bajaji ikipita unapotea kwenye wingu. Pia boksi la tundu ukipiga noti za chini kuliko lilivyopangiwa, koni haina hewa ya kuizuia, inaweza kujiua. Dereva wetu si mtu wa kujizuia. Likawa boksi lililozibwa.

Gundi ya mbao kila ungio, skurubu kila sentimita kumi, kubana usiku kucha, halafu silikoni kona zote kwa ndani, na kungoja harufu yake iishe kabisa kabla ya kuingiza spika. Kupima uvujaji tuliwasha kijiti cha udi tukakipitisha kwenye maungio muziki ukipiga pole. Moshi ulipotikisika kona moja, tukaongeza silikoni. Jumla na spika ni karibu kilo 20, na limefungwa kwa bolti kwenye chasisi. Kitu cha kilo 20 kilichowekwa tu nyuma ya abiria ni balaa linalongoja breki. Kama mnaona tumezidisha, kule Marekani kwenye mashindano ya muziki wa magari kuna watu wamewahi kumwaga zege kwenye milango ya gari ili isitikisike. Mzee nilipomwambia alicheka mpaka akakaa.

Siku ya kuwasha, amplifaya ileile, spika ileile. Mzee akaweka kiganja. Akaweka sarafu. Sarafu ilikaa. Nje, kijana wa duka la jirani akatoka kuangalia ni nini kimekuja. Besi ilikuwa inasikika kifuani, noti kwa noti, ile bwabwabwa haipo. Dereva alisema neno ambalo siwezi kuliandika hapa, mama yangu anasoma.

Nilichokingojea mimi kilikuwa kingine. Kwenye boksi la zamani, sauti iliyomridhisha dereva ilikuwa namba 28 kwenye redio. Besi ilikuwa inafia kwenye chipubodi, kwa hiyo alipandisha kila kitu ili aipate, na alipopandisha, zile spika ndogo za juu, zilizo shubiri mbili kutoka sikioni kwake, zikapanda pia. Sikio haliumizwi na sauti zote sawasawa. Besi ya hezi 40 linaivumilia sana, ile ya kati na kali ndiyo inayolimaliza. Yaani jamaa alikuwa anatafuta besi na kulipia kwa masikio. Nilipomuuliza kama usiku yanalia nziii, alisema, "Si kila mtu?" Hapana kaka, si kila mtu.

Kwenye boksi jipya aliridhika kwenye 19. Programu ya simu yangu (siyo kipimo cha maabara, simu zinadanganya) karibu na kichwa chake ilisoma 101 kwa lile la zamani, na 94 kwa hili. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani, NIOSH, wanapendekeza usikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa 101 alikuwa na dakika 12. Kwa 94 ana saa moja. Yeye anaendesha kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka usiku.

Kwa hiyo bado. Nilimpa hizo namba, akasema ameelewa, na siku nane baadaye nilipopanda nikakuta redio iko 22. Kuhusu sheria, tunazo kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, Kenya wana zao za 2009, lakini sijaona kanuni inayomshusha mtu ambaye abiria wake wanapiga kelele "ongeza, ongeza." Na hao abiria ni sisi, wadau, tukitoka mjini Jumamosi.

Mzee alimshauri kwa njia yake. Alimwita upande wa kushoto, akamwambia, "Mimi wajukuu wangu wananisemesha nawaangalia midomo." Dereva aliinamisha kichwa. Siku iliyofuata alizihamisha zile spika ndogo kutoka karibu na kichwa chake akazipeleka nyuma chini, zielekee miguuni kwa abiria. Hela ya amplifaya ya tatu hakuitumia, ada ya mtoto imelipwa. Sauti sijui kama itashuka.

Sasa kaka yake mwenye Noah ya kwenda Kongwa naye anataka boksi, la inchi 15. Jumamosi hii tunakata. Mwenye kipande cha marine bodi kwenye saiti ya mjomba wake aseme, na anayekuja aje na pamba za masikio, msumeno wa mzee hauna utani. Nasepa, nina tesiti ya Ijumaa na sijagusa kitu.